Mwongozo kamili wa kupanga maandishi ya nyaraka za programu huria: kutoka README hadi kurasa za man

Msomaji wa nyaraka za programu mara nyingi ana madirisha mawili wazi: moja lina maelezo, la pili ni terminali. Hasomi neno kwa neno. Anatafuta kisanduku chenye amri, ananakili, anabandika, anabonyeza Enter. Umbo la maandishi ndilo linalomwonyesha kipi akiandike kama kilivyo, kipi akibadilishe kwa kuweka chake, na kipi ni jibu la mashine ambalo hatakiwi kuliandika popote. Mwandishi akivichanganya vitatu hivyo, amri inagoma, au mbaya zaidi inakubali na kufanya jambo lisilokusudiwa kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Karibu kila kanuni iliyo humu chini inatokana na hilo.

Mifano mingi inatumia Markdown, lugha ya kupanga maandishi kwa alama chache kama `#` na `*`, kwa sababu ndiyo lugha ya README nyingi (README ni faili la utambulisho wa mradi), lakini reStructuredText (inayotumiwa na Python na kerneli ya Linux) na AsciiDoc (inayotumiwa na Git) zinaguswa pale zinapotofautiana. Programu ya mfano tumeiita `mizani`; haipo, usiitafute.

## Hatua ya 1: Soma kanuni za mradi kabla ya kugusa chochote

Mradi wenye umri wowote una desturi zake, hata kama hazijaandikwa. Ingia kwenye repo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) uangalie:

```sh
ls -a
git log --oneline -10 -- docs/
```

Kwenye orodha hiyo tafuta `CONTRIBUTING.md`, `.editorconfig`, `.markdownlint.yaml` au `.markdownlint.json`, na `.vale.ini`. Ukiona `docs/conf.py`, nyaraka zinajengwa kuwa tovuti kwa zana iitwayo Sphinx. Ukiona `mkdocs.yml`, ni MkDocs. Hili si jambo dogo: Markdown iliyoanzishwa na John Gruber mwaka 2004 haikuwa na kanuni kamili za kila hali, kwa hiyo kila kisomaji, yaani programu inayoigeuza Markdown kuwa ukurasa, kiliamua mambo yake. CommonMark ilikuja mwaka 2014 kuziba mianya hiyo, na GitHub inaifuata kwa kuongeza vyake kama majedwali. MkDocs inatumia Python-Markdown, ambayo haifuati CommonMark. Faili lile lile linaweza kuonekana safi GitHub na kuvurugika kwenye tovuti ya nyaraka.

Ukikuta mradi unatumia mtindo usioupenda, ufuate. Na kama unataka kurekebisha mpangilio wa faili zima, lifanye hilo kama badiliko la peke yake, bila kugusa maneno. Anayekagua kazi yako akikuta mistari 400 imehama kwa sababu ya nafasi tu, hataliona neno moja ulilolisahihisha katikati yake.

## Hatua ya 2: Majina ya mafaili

Weka `README.md`, `LICENSE` (miradi ya GNU hutumia `COPYING`), `CONTRIBUTING.md` na `CHANGELOG.md` kwenye folda ya juu kabisa. Majina haya yaache kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, maana GitHub na zana nyingine huyatafuta hivyo hivyo. Mafaili ya ndani ya `docs/` yape majina ya herufi ndogo yaliyounganishwa kwa kistari, kama `kusakinisha-kwenye-linux.md`. Usitumie nafasi wala herufi kubwa humo: kwenye Linux `Sakinisha.md` na `sakinisha.md` ni mafaili mawili, ilhali Windows na macOS kwa kawaida huyahesabu kuwa moja, na kiungo kinachofanya kazi kwako kitavunjika kwa mwenzako.

## Hatua ya 3: Vichwa

Kichwa kikuu kimoja kwa kila faili, yaani `#` moja. Vinavyofuata ni `##`, kisha `###`, na usiruke ngazi ili kupata maandishi madogo yanayokupendeza macho: wasioona hutumia visoma-skrini kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na ngazi iliyorukwa inawapotezea ramani. Baada ya `#` lazima iwepo nafasi. `##Kusakinisha` kwa CommonMark si kichwa, ni maandishi ya kawaida. Acha mstari mtupu juu na chini ya kichwa.

GitHub hukigeuza kila kichwa kuwa anwani ya ndani: herufi zote zinakuwa ndogo, nafasi zinakuwa vistari, alama nyingine zinaondolewa. Kichwa `## Ng'oa toleo la zamani` kinapata anwani `#ngoa-toleo-la-zamani`, bila kile kiapostrofi. Kwa hiyo ukibadilisha maneno ya kichwa, umevunja viungo vyote vilivyokuwa vikielekea hapo. Kabla ya kubadilisha, vitafute:

```sh
git grep -n "#ngoa-toleo"
```

Katika reStructuredText kichwa hupigiwa mstari chini kwa alama, na mstari huo usiwe mfupi kuliko maneno yaliyo juu yake, la sivyo utapata onyo la `Title underline too short.` Lugha yenyewe haijali unatumia alama gani kwa ngazi gani, mradi usibadilishe njiani. Kerneli ya Linux imeshaamua: `=` juu na chini kwa jina la waraka, `=` chini tu kwa sura, `-` kwa sehemu, `~` kwa vijisehemu. Ukienda kuandika huko, fuata hivyo.

## Hatua ya 4: Amri, majibu na maneno ya kujazwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ndipo msomaji anapoumia.

Ndani ya sentensi, chochote ambacho mashine inakisoma kifungie kwa baktiki, kile kialama ambacho kwenye kibodi nyingi kinakaa chini ya Esc: majina ya mafaili, chaguo kama `--kina`, vigeu vya mazingira kama `PATH`, thamani kama `true`. Jina la mradi likitajwa kama jina, halihitaji baktiki. Git ni mradi. `git` ni amri. Vitufe na menyu za kwenye skrini viandike kwa herufi nzito: bonyeza **Hifadhi**.

Baktiki hazipo kwa ajili ya urembo. Sphinx, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hugeuza vistari viwili `--` vilivyo nje ya msimbo kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Msomaji akinakili chaguo lililoharibiwa hivyo, programu haitalitambua, na kwa macho hataona tofauti. Kumbuka pia kwamba reStructuredText inataka baktiki mbili kila upande. Ukiweka moja moja, kama ulivyozoea kwenye Markdown, maneno yatatokea kwa italiki na hakuna atakayekuonya.

Amri inayojitegemea iweke kwenye kisanduku chake, na utaje lugha baada ya baktiki tatu za mwanzo:

````markdown
```sh
mizani badili --kina vipimo.csv
```
````

Ukitaka kuonyesha kisanduku ndani ya kisanduku, kama hapo juu, cha nje kipe baktiki nne. Kanuni ni kwamba mstari wa kufunga usiwe na baktiki chache kuliko wa kufungua. Kuna njia ya zamani ya kusogeza mstari nafasi nne ndani, iache. Haina pa kutaja lugha, na inachanganyikana na orodha, kama tutakavyoona.

Alama ya `$` ndiyo inayobishaniwa zaidi. Kwa mapokeo, `$` mwanzoni mwa mstari ina maana amri inatolewa na mtumiaji wa kawaida, na `#` ina maana inatolewa na msimamizi wa mfumo. GitHub na tovuti nyingi za nyaraka zina kitufe cha kunakili kisanduku kizima, na kitufe hicho hakijui kuchagua. Anayebandika `$ mizani badili` anajibiwa hivi:

```text
bash: $: command not found
```

Anayebandika mstari unaoanza na `#` kwenye bash hapati hata kosa. Ganda la mfumo (shell, programu inayopokea amri za terminali) linauona kuwa maelezo, linaupita kimya, na msomaji anaendelea na hatua inayofuata akiamini kwamba hii imekamilika. Kwa hiyo: kisanduku chenye amri peke yake kisiwe na `$` wala `#`. Amri ikihitaji mamlaka ya msimamizi, andika `sudo` wazi. Ukihitaji kuonyesha amri na majibu yake pamoja, hapo weka `$` na utaje lugha kuwa `console`, ili msomaji aone mara moja mstari upi ni wake na upi ni wa mashine. Njia tunayoipendelea ni visanduku viwili: cha kwanza `sh` chenye amri, halafu sentensi fupi, halafu cha pili `text` chenye jibu. Kinachukua mistari zaidi, lakini kitufe cha kunakili hakimdanganyi mtu.

Maneno ya kujazwa, yaani yale ambayo msomaji anatakiwa kuyatoa na kuweka yake, wengi huyaandika ndani ya mabano ya pembe: `<faili>`. Mabano haya yana kasoro mbili. Kwanza, nje ya baktiki, kisomaji cha Markdown hudhani `<faili>` ni alama ya HTML. GitHub huiondoa, na sentensi iliyosema "fungua <faili> kwa kihariri" inabaki "fungua kwa kihariri". Hata `<jina la faili>` lenye nafasi hupotea, maana linafanana na alama ya HTML yenye sifa mbili. Pili, kwenye ganda la mfumo `<` na `>` ni amri za kuelekeza data. Tazama hii:

```sh
mizani badili <chanzo> ripoti.csv
```

Aliyeibandika bila kubadilisha, na kwa bahati mbaya folda yake ina faili linaloitwa `chanzo`, atakuta `ripoti.csv` imefutwa yote na kuandikwa upya na chochote ambacho programu imetoa. Andika herufi kubwa badala yake, kama amri za GNU zinavyofanya kwenye maelezo yao ya `--help`:

```sh
mizani badili FAILI_CHANZO FAILI_MATOKEO
```

Mara baada ya kisanduku, sema kila neno linajazwa na nini: "`FAILI_CHANZO` ni faili la CSV unalotaka kulibadili." Usitumie `foo` na `bar`, hayamwambii mtu chochote.

Alama nyingine za muhtasari wa amri zina maana zilizokubalika tangu zamani: mabano ya mraba `[ ]` ni hiari, mstari wima `|` ni ama hiki ama kile, na nukta tatu `...` ni kwamba kinaweza kurudiwa. Zitumie kwenye muhtasari tu, kamwe si kwenye amri ya kunakili.

Makosa mengine manne yanayojirudia kwenye visanduku:

- Alama za nukuu za kupinda. Maandishi yaliyopitia programu ya ofisi au ujumbe wa simu hurudi na nukuu za kupinda, ambazo ganda la mfumo halizitambui kuwa nukuu. Nafasi isiyovunjika, inayofuata maandishi yaliyonakiliwa kwenye kurasa za wavuti, ni balaa zaidi kwa kuwa haionekani kabisa.
- Mkwaju wa kinyume mwisho wa mstari. Amri ndefu hukatwa kwa `\`, lakini lazima iwe herufi ya mwisho kabisa. Nafasi moja ikiifuata, amri inaishia hapo na nusu ya pili inatekelezwa kama amri nyingine.
- Tabo kugeuka nafasi. Mfano wa Makefile unataka tabo halisi. Ukiwekwa nafasi, `make` hulalamika `missing separator`. YAML ni kinyume: tabo hairuhusiwi kusogezea mistari.
- Kiapostrofi cha ng'. Kwetu hili lina uzito wa pekee. `mkdir Ng'ambo` hufungua nukuu isiyofungwa, na terminali inabaki ikionyesha `>` ikisubiri. Andika `mkdir "Ng'ambo"`, au chagua mfano usio na ng'.

## Hatua ya 5: Orodha za hatua

Kazi yenye mpangilio wa lazima iandike kwa namba. Vitu visivyo na mpangilio viandike kwa vistari. Kila hatua ibebe tendo moja, ianze na kitenzi, na kama ina sharti, sharti litangulie: "Kama unatumia Debian, sakinisha kwanza `git`." Msomaji akikutana na sharti baada ya amri, amri ameshaitekeleza.

Ugumu uko kwenye kuweka kisanduku cha amri ndani ya hatua. CommonMark inapima mahali ambapo maneno ya hatua yanaanzia. Kwenye `1. Pakua` maneno yanaanza baada ya herufi tatu, kwa hiyo kisanduku kisogezwe nafasi tatu au zaidi. Kwenye `10. Pakua` yanaanza baada ya herufi nne, na hapo ndipo mwandishi aliyezoea nafasi tatu anashangaa: hatua tisa za kwanza ziko sawa, ya kumi kisanduku chake kimetoka nje ya orodha. Python-Markdown kwa upande wake inataka nafasi nne kila mara. Suluhisho linalofaa kote ni nafasi nne:

````markdown
1. Pakua msimbo:

    ```sh
    git clone https://example.com/mizani.git
    ```

2. Ingia kwenye folda:

    ```sh
    cd mizani
    ```
````

Kisanduku kisiposogezwa, orodha inakatika. Kama ulizipa hatua zote namba `1.` ukitegemea mashine izihesabu, msomaji ataona 1, 1, 1. Na kwenye MkDocs kuna jambo la ziada: kiongezi chake cha kawaida hakikubali visanduku vya baktiki ndani ya orodha, hata ukivisogeza. Mradi unapaswa kuwasha `pymdownx.superfences` ndani ya `mkdocs.yml`.

Acha mstari mtupu kabla ya orodha kuanza. GitHub inasamehe usipouacha, Python-Markdown haisamehi: vipengele vyote vinamezwa na aya iliyotangulia na kuwa sentensi moja ndefu yenye vistari katikati.

Hatua zikizidi kumi hivi, kwa kawaida ni kazi mbili zilizobanwa pamoja. Zitenganishe kwa kichwa.

## Hatua ya 6: Mistari

Kuna desturi mbili: kukata mstari kila herufi 80, au kuanza kila sentensi kwenye mstari mpya. Ya pili ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Brian Kernighan aliwashauri hivyo watumiaji wa UNIX mwaka 1974, na mwongozo wa `man-pages(7)` wa Linux unaitaka hadi leo. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ukibadilisha neno moja katika aya iliyokatwa kwa herufi 80 na kisha kuipanga upya, Git inaonyesha aya nzima imebadilika. Sentensi ikiwa na mstari wake, Git inaonyesha sentensi hiyo tu, na mkaguzi anaweza kuitolea maoni yenyewe. Ukurasa unaoonekana haubadiliki, kwa sababu mstari mpya mmoja ndani ya faili la Markdown husomwa kama nafasi. (Kwenye maoni ya GitHub ni tofauti: huko kila mstari mpya unakatika kweli, kwa hiyo usibandike aya za README huko ukitegemea zitaonekana vile vile.)

Kukata mstari kwa kuacha nafasi mbili mwishoni ni njia halali lakini dhaifu. Nafasi hazionekani, na mradi wenye `trim_trailing_whitespace = true` ndani ya `.editorconfig` utazifuta mara tu mtu atakapohifadhi faili. Mara nyingi ukihisi unahitaji kukata mstari, unachohitaji kweli ni orodha.

Ukipokea mradi unaokata kwa herufi 80, kata kwa herufi 80.

## Hatua ya 7: Viungo, majedwali, tahadhari

Viungo vya ndani ya repo viandike kwa njia ya karibu, `docs/kusakinisha.md`, bila anwani kamili ya wavuti; hivyo vitafanya kazi kwenye kila tawi na kwenye nakala za wengine. Maneno ya kiungo yaseme yanakokwenda. "Bonyeza hapa" haina maana kwa anayesikiliza viungo kwa kisoma-skrini.

Jedwali litumike pale ambapo kila safu ina mambo yale yale, kama chaguo, aina na thamani ya awali. Mstari wima ndani ya seli lazima utanguliwe na mkwaju wa kinyume, `\|`, hata ukiwa ndani ya baktiki, la sivyo unafungua seli mpya. Kisanduku cha amri hakiingii ndani ya jedwali la GitHub, usihangaike.

Tahadhari iwe *kabla* ya hatua yenye hatari. GitHub ina aina tano: `NOTE`, `TIP`, `IMPORTANT`, `WARNING` na `CAUTION`.

```markdown
> [!WARNING]
> Amri inayofuata inafuta data zote za toleo la zamani.
```

Umbo hili ni la GitHub. Sphinx ina `.. warning::`, na kwenye tovuti ya MkDocs mabano yale yatabaki yakionekana kama maandishi. Tahadhari tatu kwenye ukurasa mmoja zimeshakuwa nyingi. Ya nne hakuna anayeisoma.

## Hatua ya 8: Data ya mfano

Usibuni anwani. Jina la wavuti ulilodhani halina mwenyewe linaweza kuwa na mwenyewe, au likanunuliwa kesho na mtu anayesubiri wasomaji wako. `example.com`, `example.org` na `example.net` zilitengwa kwa ajili ya mifano na RFC 2606 ya mwaka 1999 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti). Kwa anwani za IP tumia `192.0.2.0/24`, `198.51.100.0/24` au `203.0.113.0/24`, zilizotengwa na RFC 5737. Kwa IPv6 ni `2001:db8::/32`. Nywila na funguo za siri ziwe maneno ya kujazwa yanayoonekana wazi, kama `NYWILA_YAKO`. Ufunguo halisi ukiingia kwenye repo hata mara moja, kuufuta kwenye faili hakutoshi, kwa kuwa historia ya Git inauhifadhi. Ubatilishe mara moja, upate mpya.

Tarehe ziandike `2025-04-03`. Kwetu `03/04/2025` ni tarehe 3 Aprili, kwa msomaji wa Marekani ni Machi 4. Ndani ya `CHANGELOG.md` tarehe hiyo ikae kando ya namba ya toleo, toleo jipya juu:

```markdown
## [1.4.0] - 2025-04-03
```

## Hatua ya 9: Ukurasa wa man

Programu ya terminali inastahili ukurasa wa `man`, yaani mwongozo unaosomwa humo humo kwenye terminali, na desturi zake ni kali kuliko za README. Kurasa zimegawanywa kwa namba: 1 ni amri za watumiaji, 5 ni miundo ya mafaili, 8 ni amri za usimamizi, na nyinginezo katikati. Ndiyo maana huandikwa `crontab(1)` kwa amri na `crontab(5)` kwa faili lake. Mfupa wa ukurasa ni huu:

```text
.TH MIZANI 1 2025-04-03 "mizani 1.4.0"
.SH NAME
mizani \- kubadili vipimo katika faili la CSV
.SH SYNOPSIS
.B mizani
.RB [ \-\-kina ]
.I FAILI ...
```

Herufi nzito ni za kuandikwa kama zilivyo, italiki ni za kujazwa. Kichwa cha `NAME` kiache hivyo na mstari wake uwe mmoja, jina, `\-`, maelezo mafupi, kwa sababu `mandb` huuchukua kujenga orodha ambamo `apropos`, amri ya kutafuta kurasa kwa neno, hutafuta. Mkwaju wa kinyume kabla ya kistari si pambo: kistari kitupu kinaweza kuchapwa kama kistari cha maneno, ambacho kikinakiliwa si kile ambacho programu inakitarajia. Baada ya hapo `DESCRIPTION`, `OPTIONS`, `EXIT STATUS`, `FILES`, `EXAMPLES` na mwishoni `SEE ALSO`. Tazama kazi yako kwa `man ./mizani.1`, na ikague kwa `mandoc -T lint mizani.1`.

## Hatua ya 10: Nyaraka zikiwa za Kiswahili

README ya Kiswahili iite `README.sw.md`, `sw` ndiyo alama ya lugha yetu katika ISO 639-1. Ukurasa wa mbele wa GitHub utaendelea kuonyesha `README.md`, kwa hiyo weka kiungo juu kabisa mwa faili hilo.

Ujumbe wa makosa usiutafsiri ndani ya kisanduku. Msomaji atautafuta kwa maneno yale yale aliyoyaona kwenye skrini, na tafsiri nzuri kiasi gani haitamfikisha. Uache ulivyo, kisha ueleze chini yake kwa Kiswahili. Vivyo hivyo kwa majina ya chaguo na vigeu.

Chagua namna moja ya kuamuru, "fungua, andika, hifadhi", na usiruke kwenda "fungueni" au "utafungua" njiani. Chagua pia neno moja kwa kila kitu: ukianza na "faili" usiite "jalada" ukurasa wa pili, maana msomaji mgeni atadhani ni vitu viwili. Maneno hayo yaandike kwenye faili dogo la istilahi ndani ya `docs/`, ili mchangiaji ajaye asianze upya.

## Hatua ya 11: Kagua, kisha jaribu kwenye mashine tupu

Anza na zana zinazoona kile ambacho jicho halioni:

```sh
git diff --check
git grep -nE '“|”|‘|’|–' -- '*.md'
npx markdownlint-cli2 "**/*.md" "#node_modules"
```

Ya kwanza inaonyesha nafasi zilizobaki mwisho wa mistari. Ya pili inatafuta nukuu na vistari vya kupitia programu ya ofisi. Ya tatu inakagua mpangilio; MD001 ni ngazi ya kichwa iliyorukwa, MD040 ni kisanduku kisichotaja lugha, MD014 ni `$` isiyohitajika. MD013 italalamika juu ya mistari inayozidi herufi 80. Ukifuata desturi ya sentensi kwa mstari, izime.

Kisha jenga tovuti yenyewe kwa kuyageuza maonyo kuwa makosa. Kwa Sphinx:

```sh
sphinx-build -n -W --keep-going docs docs/_build
```

Kwa MkDocs:

```sh
mkdocs build --strict
```

Zana hizi hazijui kama amri zako zinafanya kazi. Kwa hilo fungua mashine isiyo na chochote chako:

```sh
docker run --rm -it debian:12 bash
```

Fungua ukurasa kama utakavyoonekana kwa msomaji, si faili la chanzo, na unakili kila kisanduku kwa kitufe chake, kimoja baada ya kingine, bila kusahihisha chochote kwa mkono. Humo ndani `git` haipo, `curl` haipo, hata `sudo` haipo. Kila utakapolazimika kusakinisha kitu ambacho nyaraka hazikukitaja, rudi ukiandike kwenye sehemu ya mahitaji, pamoja na toleo lake la chini kabisa ulilolijaribu.